Maswali ya Wasomaji: Je, Ninunue Tovuti ya Bidhaa za Mbwa na Paka?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Ipagala, Dodoma. Nimeuza zabibu zangu za Hombolo na ninatafuta pa kuweka fedha. Mtu aliyeko Marekani ananiuzia kwa dola 9,000 tovuti inayohakiki vyakula na vifaa vya mbwa na paka. Anadai inampatia dola 250 kila mwezi kutokana na kamisheni ya Amazon, duka la mtandaoni linalomlipa mwenye tovuti pale msomaji wake anapobofya kiungo cha bidhaa na kuinunua, na amenitumia picha za skrini. Je, nilipe?

JIBU: Ndugu msomaji, ninakuomba usilipe bado. Bei hiyo ni sawa na mapato ya miezi 36, na barua yako haisemi kama dola 250 ni faida halisi au ni fedha ambayo haijatolewa gharama za waandishi na za kuihifadhi tovuti. Picha ya skrini hughushiwa kwa dakika chache; mtake muuzaji aifungue akaunti yake mbele yako kwa simu ya video, akuonyeshe mapato ya miezi 12 mwezi kwa mwezi, kisha akupe ruhusa ya kutazama takwimu za wasomaji katika Google Analytics.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba akaunti ya kamisheni ya Amazon haiuzwi pamoja na tovuti. Utalazimika kuomba ya kwako, upate angalau mauzo matatu ndani ya siku 180, na ubadilishe viungo vyote vilivyomo katika makala ili kamisheni ije kwako badala ya kuendelea kwenda kwa muuzaji. Kiwango chenyewe nacho si cha kudumu: Aprili 2020 Amazon iliteremsha kamisheni ya bidhaa za wanyama wa nyumbani kutoka asilimia 8 hadi 3, na wenye tovuti hawakuwa na la kufanya.

Zisome pia makala zenyewe. Tangu 2021 Google imekuwa ikiyapandisha juu katika matokeo ya utafutaji mahakiki yenye uchambuzi wa kina, na kwa maoni yangu kumsifia mtu chakula cha mbwa ambacho mwandishi hajawahi hata kukifungua ni kumdanganya.

Ukiridhika, andikianeni mkataba na fedha ishikwe na mdhamini anayekubaliwa na pande zote mbili, asiyemkabidhi muuzaji chochote mpaka jina la kikoa (yaani anwani ya tovuti) na mafaili yote yawe katika akaunti yenye jina lako.