Kredo ya bob 50

Swali lenu la wiki hii, eti kati ya ripoti na ushuhuda wa mtu binafsi ni kipi kinatuonyesha machafuko yalivyokuwa. Mimi nasema ushuhuda, na nitaongelea ya baada ya uchaguzi wa 2007, 2007/08, hapa kwetu Kenya, nilikuwa darasa la tatu Nakuru.

Ripoti ya Tume ya Waki, ile iliyochunguza machafuko hayo, nimeisoma, waliouawa 1,133, waliofurushwa makwao mamia ya maelfu. Namba hizo tunazihitaji sana, bila hizo mtu atasema hakuna kitu kilifanyika. Lakini muulize mamangu, atakuambia kuhusu kredo, yaani salio la simu. Maduka yamefungwa, kadi ya bob 50, shilingi hamsini, inauzwa 100 na bado haipatikani, na yeye ana dadake mkubwa Eldoret, na tarehe 1 Januari ndio tumesikia kanisa la Kiambaa, hapo karibu na Eldoret, limechomwa na watu wako ndani, sasa anazunguka ploti nzima akibembeleza mtu amsambazie hata kumi tu. Alipata siku ya tatu. Anasema mamkubwa alishika simu na hakuna aliyeongea, walilia tu mpaka kredo ikaisha.

Miaka yote nimejua hivyo. Halafu Desemba iliyopita nikamuuliza mamkubwa mwenyewe, akashangaa, akasema yeye hakulia hata kidogo, alikuwa juu ya dari kwa jirani, amejiziba mdomo na leso, vijana wako pale nje ya geti wanaitisha vitambulisho waone majina, wajue kabila la mtu. Simu alikuwa ameiweka mtetemo. Alishika ili dadake ajue iko mkononi mwake, basi. Kile mama alisikia akadhani ni kilio ilikuwa pumzi.

Wote wawili wamesema ukweli, na mimi hofu ya ile wiki niliielewa siku hiyo, nikiwa nimekaa katikati yao jikoni.

Huyo jirani ni wa kabila la wale vijana. Usiku alikuwa anampandishia chai na viazi, siku 5. Hajawahi kuulizwa na tume yoyote. Nilienda kwake na simu nikamuomba nirekodi, akakubali, akaongea karibu saa nzima, ila akanishika mkono akasema jina lake nisilitaje popote, kwa sababu wale vijana sasa ni wazee wa mtaa na mpaka leo hawajui.