Mzee akiongeza sauti ya TV, anza na rimoti

Kijana wa Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, anaweza kuishi bila TV. Mpira anautazama kibanda umiza, tamthilia ziko kwenye simu. Kinachommaliza ni bando: video ya ubora wa 480 hula takriban MB 700 kwa saa, na ukipanda 720 inakaribia mara mbili. Kwenye kioo cha simu tofauti ni ndogo, kwa hiyo ashushe tu.

Akishakuwa na familia, TV inarudi sebuleni. Inchi 32 inataka mtazamaji akae kati ya mita 1.2 na 2. Inchi 55 kwenye chumba kimoja cha kupanga ni kujitesa. Usiitundike karibu na dari kama ya baa. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya aliyekaa. Watoto wa miaka 2 hadi 4, Shirika la Afya Duniani linashauri wasizidi saa moja kwa siku. Na kabla radi hazijaanza, chomoa plagi pamoja na waya wa dishi. Wengi huusahau waya.

Kazi kubwa iko kwa wazee. Tanzania Bara ilianza kuwa na televisheni 1994, kwa hiyo mwenye miaka 70 leo alikua na redio. Bado anataka kusikia zaidi ya kutazama, na hapo ndipo masikio humwangusha.

Umri huondoa kwanza sauti nyembamba: s, f, t, ch. Anasikia mtu anaongea lakini hashiki maneno, basi anaongeza sauti, na besi na muziki navyo vinapanda. Huenda sehemu ya sababu ya wazee kupenda taarifa ya habari ya saa 2 usiku ni hiyo: msomaji husoma peke yake, bila muziki nyuma yake. TV bapa huzidisha shida, maana spika zake ni ndogo na hutazama nyuma au chini. Kwenye menyu ya sauti punguza besi, ongeza trebo, yaani sauti nyembamba. Isipotosha, weka spika ndogo karibu na kiti chake. Ya waya ni bora. Isiyo na waya wakati mwingine huchelewa, midomo ikatangulia maneno. Pazia zito na mkeka hupunguza mwangwi. Kelele za mvua kwenye bati hazina dawa.

Macho nayo, kuanzia miaka 40 hivi, hushindwa vitu vya karibu. Kioo anakiona vizuri, vitufe havioni. Anabonyeza kile cha kubadili chanzo cha picha (Source), picha inapotea, na anaamini king'amuzi kimekufa. Bandika vipande vidogo vya plasta kwenye vitufe vitatu: kuwasha, sauti, chaneli. Rimoti ya TV na ya king'amuzi zifunge rangi tofauti.

Bado hashiki maneno? Akapimwe masikio. Mara nyingine ni nta iliyoziba, na njiti huisukuma ndani zaidi.