Mnaoanza kupiga picha za magome, mchanga na majani hapa Dar, anzeni na jua

Wanaoanza wengi swali la kwanza ni ninunue kamera gani, mi naomba kwanza uangalie jua liko wapi, hata kama unatumia simu. Ule ukwaruzo wa gome au mchanga unaouona kwenye picha ni vivuli vidogo vidogo, kila kimwinuko na chake, sasa jua likiwa mgongoni kwako vivuli vyote vinajificha na gome la mwarobaini linatoka kama ubao uliopigwa randa. Zunguka mpaka mwanga uje kwa ubavu.

Mchanga ni kazi ya asubuhi. Fukwe zetu zinatazama mashariki, jioni jua linaishia nyuma ya minazi na maghorofa, asubuhi linatoka baharini likiwa chini kabisa na linaparaza ile mikunjo iliyoachwa na maji. Ila hapo lazima ujue na maji, maana siku za bamvua yenyewe, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa yanakauka kabisa kama saa 4 asubuhi na jua limeshapanda. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 hivi, kwa hiyo mi napenda siku tatu nne kabla ya hapo, unakuta saa 1 asubuhi Kunduchi au Coco Beach mchanga uko wazi na jua bado liko chini. Ukiwa na bahati utakuta na wale kaa wadogo wamepanga vidonge vya mchanga kuzunguka mashimo yao, aisee pale unaweza kukaa mpaka maji yarudi, na yakirudi yanafuta kila kitu.

Saa sita mchana utaambiwa rudisha kamera kwenye begi, mi hapo nakataa kabisa. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, jua likiwa utosini linashuka sambamba na shina lililosimama wima, kwa hiyo tafuta mnazi uliosimama peke yake uone zile pete zake zinavyochomoza, kila pete na kivuli chake chini. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba ndo linapita utosini hasa.

Rangi zenyewe hazitaki jua kali, zinataka wingu. Majani ya mti wa mkungu yakianza kuwa mekundu kabla ya kudondoka, subiri mawingu au mvua imalizike, alafu ukiwa na filta ya polaraiza izungushe taratibu mpaka ule mng'ao juu ya jani upotee na wekundu utoke. Na usiiachie kamera ijichagulie rangi, nenda kwenye white balance (sehemu ya kupanga rangi ya mwanga) uweke alama ya wingu, maana ikiona kijani tupu inajaribu kukirekebisha.

Kingine, uso wa kamera uwe sambamba na uso wa kitu unachokipiga, na tundu la lenzi liwe f/8 au f/11, la sivyo kona moja itatoka na ukungu. Kwenye simu bonyeza kioo ushikilie mpaka fokasi ijifunge, usisogee karibu sana, rudi nyuma kidogo uvute kwa zoom. Kabla hujabonyeza pitisha jicho kwenye kingo zote nne, kijiti kimoja cheupe pembeni kinaua mpangilio wote.

Ukivuka kwenda visiwa vya Mbudya au Bongoyo, ile ni hifadhi ya bahari, kombe na matumbawe yapige palepale yalipo, usiyapange upya.