Kurekebisha tachipadi kwa amri: kwa wanaoanza ufundi Tanga

Laptopu ya mtumba ikishawekewa Linux, mwenyewe hurudi na malalamiko ya tachipadi: haibofyi kwa kugusa, au kishale kinaruka akiandika. Msikimbilie kunakili amri. Fungueni terminal (dirisha la kuandikia amri), muulize kwanza mashine inaendesha skrini kwa mfumo gani:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Jibu likiwa `wayland`, xinput (amri ya kurekebisha kipanya na tachipadi) haiigusi tachipadi yenyewe. Kwenye GNOME (mazingira ya skrini yenye menyu na madirisha) andikeni hivi, na mpangilio utabaki hata mashine ikizimwa:

`gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad tap-to-click true`

Likiwa `x11`, endesheni `xinput list`, mtafute mstari wenye neno Touchpad au TouchPad. Tumieni jina zima, si namba ya id, kwa sababu namba inaweza kubadilika mashine ikiwashwa upya. Kwa mfano, amri ya kwanza huonyesha mipangilio ya padi, ya pili huwasha kubofya kwa kugusa (1 ni kuwasha; libinput ni kiendeshi cha tachipadi):

`xinput list-props "SynPS/2 Synaptics TouchPad"`
`xinput set-prop "SynPS/2 Synaptics TouchPad" "libinput Tapping Enabled" 1`

Herufi kubwa na ndogo zifuatwe kama zilivyo. Mstari ambao jina lake la mpangilio linaishia na neno Default ni wa kusoma tu, haubadiliki. Kasi ya kishale ni `libinput Accel Speed`, kuanzia -1 hadi 1, pandisheni 0.2 kwa 0.2, na mwenye mashine aijaribu kwa kidole chake mwenyewe, maana ndiye atakayeitumia.

Kishale kuruka ni jambo jingine, na hapa wengi hupoteza muda. Joto na unyevu wa pwani yetu huacha jasho kwenye padi, nayo hulihesabu kama mguso. Ifuteni kwa kitambaa kikavu. Kisha chomoeni chaja: kishale kikitulia, shukuni chaja yenyewe au soketi isiyo na ethi, na hakuna amri itakayoponya hilo. Kikiendelea kuruka wakati wa kuandika tu, ni kiganja kinachogusa. Wekeni `libinput Disable While Typing Enabled` kuwa 1.

Mabadiliko ya xinput hupotea mtu akitoka kwenye akaunti. Yakishampendeza mteja, na si kabla, yaandikeni kwenye faili `/etc/X11/xorg.conf.d/40-tachipadi.conf` kwa sudo (ruhusa ya msimamizi wa mashine). Folda isipokuwepo, iundeni:

```
Section "InputClass"
  Identifier "tachipadi"
  MatchIsTouchpad "on"
  Driver "libinput"
  Option "Tapping" "on"
  Option "AccelSpeed" "0.2"
EndSection
```

Kagueni alama za kunukuu na neno EndSection kabla ya kuwasha upya. Kosa dogo humo laweza kuizuia skrini ya kuingilia isifunguke. Ikitokea, bonyezeni Ctrl+Alt+F3, ingieni kwa jina na nywila, futeni faili hilo, kisha andikeni `sudo reboot`.