Wi-Fi haipandi ghorofani

SWALI: Nyumba yetu ina ghorofa mbili, sakafu za zege. Ruta iko sebuleni chini, dirishani. Nilichomeka kikuza mawimbi chumbani juu, lakini intaneti bado inakokota. Nifanyeje?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kikuza mawimbi hurusha tu kile kinachopokea. Ukikiweka mahali ambapo mawimbi yameshachoka, kitarusha uchovu uleule. Kihamishie kwenye ngazi, katikati ya ghorofa. Ruta nayo itoe dirishani, maana sasa inamhudumia jirani, uiweke juu ya kabati karibu na ngazi. Zege lenye nondo huzuia sana masafa ya 5 GHz; kule juu jaribu 2.4 GHz.

Dawa ya kweli, hata hivyo, ni waya. Vuta kebo ya mtandao aina ya Cat6 hadi juu, isizidi mita 100, wala isipite bomba moja na nyaya za umeme. Dai ya shaba halisi. Nyingi za bei chee ni alumini iliyopakwa shaba. Juu funga ruta ya pili. Kabla ya kuiunganisha, ipe anwani 192.168.1.2 (ikiwa ya chini ni 192.168.1.1), kisha zima DHCP, yaani kazi ya kugawia simu na kompyuta anwani za mtandao. Hapa ndipo wengi hukosea: ruta mbili zikigawa anwani, simu huonyesha Wi-Fi imejaa lakini intaneti hakuna. Kwenye ruta ya juu, kebo ichomeke tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani), si WAN (la kupokea intaneti). Jina la Wi-Fi na nywila viwe vilevile kwenye ruta zote mbili; kwenye 2.4 GHz, chini tumia chaneli 1, juu 6 au 11.