Hamisha wateja kwanza, kaunta baadaye

SWALI: Dada, salamu. Nauza vifaa vya ujenzi. Duka kuu liko Mwanza mjini, matawi yako Sengerema na Geita. Programu yetu ya mauzo na hesabu imo kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya Windows Server 2012 iliyoko chumba cha nyuma. Umeme ukikatika hapa, matawi yote yanasimama. Wateja wa mkopo mhasibu anawaandika kwenye Excel, na wengine anao kichwani tu. Sasa kuna kampuni imeniletea ofa: Ijumaa jioni wanahamisha kila kitu kwenye wingu, Jumatatu tunaanza kazi, nami nitalipa kwa dola kila mwezi kwa kila mtumiaji. Mwanangu anataka nisaini. Mhasibu anasema siku mtandao ukikatika kama Mei 2024 tutafunga maduka. Nimsikilize nani?
Mfanyabiashara, Mwanza

JIBU: Kaka yangu, wote wawili wana hoja. Hama, lakini usikubali kuhamishwa chapchap kati ya Ijumaa na Jumatatu.

Mwanao yuko sahihi kuhusu seva. Microsoft ilimaliza muda wa kulihudumia toleo hilo tarehe 10 Oktoba 2023, na asiyelipia nyongeza maalumu hapati tena marekebisho ya usalama. Mashine iliyobeba mauzo na hesabu zako zote imeunganishwa na matawi kwa intaneti huku mlango wake haukarabatiwi. Hilo peke yake linatosha kukutoa hapo, hata kabla hujafikiria umeme.

Hofu ya mhasibu nayo usiipuuze. Wingu ni seva za watu wengine, ziko mahali fulani duniani. Zilizo karibu nasi za makampuni makubwa ziko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua zake mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Ili karani wa Geita afikie huko, safari yake mara nyingi inapita kwenye nyaya zilizolazwa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama ile inaweza kurudi, kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: mtandao ukiondoka, kaunta yangu inauza?

Asikujibu kwa mdomo. Mwite dukani, washa programu yake, kisha chomoa waya wa intaneti na uzime data ya simu. Mwambie auze mifuko mitatu ya simenti, atoe na risiti. Uza tena kwenye kompyuta ya pili. Rudisha mtandao na uangalie stoo. Mauzo yote yameingia? Hakuna lililoingia mara mbili? Mashine mbili zikiuza bati la mwisho wakati hazionani, programu inafanya nini, inakupa idadi hasi kimyakimya au inakuonya? Uliza pia risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, itatoka vipi, maana TRA haitapokea maelezo kwamba mlikuwa mnahama. Asiyekubali jaribio hili, muage kwa heshima.

Ndiyo maana nashauri kaunta iwe ya mwisho kuhama. Anza na wateja na madeni yao, kwa sababu kazi hiyo haisimami mtandao ukikatika saa mbili, na faida yake utaiona haraka: meneja wa Sengerema ataweza kuangalia deni la mtu kabla ya kumpa mzigo mwingine, bila kumpigia mhasibu.

Hapa ndipo penye kazi halisi, na ndiyo sababu siku mbili hazitoshi. Nimekuwa mhasibu wa maduka ya jumla Kariakoo kabla sijaingia kwenye mifumo, na orodha kama ya mhasibu wako nimeziona nyingi. Kuna "Mama Neema", kuna "Mama Neema Geita", kuna "M. Neema hardware". Ni mtu mmoja, ana madeni matatu, na kila tawi linamwona bado hajafika kikomo cha mkopo wake. Ukimhamisha hivyo, mfumo mpya utamhesabu watu watatu na kukuletea ripoti nzuri ya uongo. Mkae na mhasibu mstari kwa mstari, mpeni kila mteja jina lake kamili na namba ya simu moja inayoanza na +255, kwani mifumo mingi inamtambua mtu kwa namba. Angalieni sana: Excel inakula sifuri ya mwanzo ya namba ya simu. Safu ya namba ipangwe kuwa maandishi kabla hamjaandika chochote.

Kisha mpigie au mtumie kila mdaiwa ujumbe, athibitishe salio. Hasa wale wa mali kauli ambao hesabu yao iko kichwani mwa mhasibu. Wengine watakataa, mtabishana, na ni afadhali mbishane sasa kuliko kubeba deni bovu na kulifanya salio la kufungulia. Ukifanya hili tu, bila kununua programu yoyote, biashara yako tayari imepata nafuu.

Hama mwanzoni mwa mwezi, baada ya kuhesabu stoo na kufunga vitabu, na ritani ya VAT ya tarehe 20 isikukute vitabu viko nusu kwa nusu. Peleka salio na wateja walio hai tu. Miaka ya nyuma ibaki kwenye mashine ya zamani, ichomolewe kwenye intaneti, iwe ya kusoma tu, maana sheria ya kodi inakutaka utunze kumbukumbu miaka mitano.

Kabla ya kusaini, akaunti kuu ifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni na laini ya simu ya kampuni, kamwe si ya fundi. Nimeona mmiliki akimbembeleza kijana aliyeacha kazi ampe neno la siri la biashara yake mwenyewe, na inauma kumtazama. Mwambie muuzaji akuonyeshe, kwenye akaunti ya majaribio, jinsi ya kupakua wateja wote na madeni yao kwenye faili la kawaida linalofunguka popote. Faili hilo lipakuliwe kila mwezi. Mwenye wingu analinda mashine zake. Karani akifuta wateja mia kwa bahati mbaya, hasara inaweza kuwa yako.

Muulize pia taarifa zitakaa nchi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na anayezikusanya anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuhusu bei, piga hesabu ya miaka mitatu, weka VAT, weka intaneti ya akiba ya kampuni nyingine kwa kila tawi, na kumbuka dola haikai mahali pamoja.

SWALI: Dada, mimi nasambaza vipodozi Mombasa. Kila muuzaji wangu ana wateja kwenye simu yake. Akiacha kazi anaondoka nao. Mfumo wa wateja utalizuia hilo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hautalizuia, dada, kama wauzaji hawaandiki wateja wao humo. Wanunulie laini za kampuni, na WhatsApp Business iwe kwenye namba ya kampuni. Simu moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, hivyo mazungumzo na wateja unayaona hata wewe. Halafu funga kamisheni kwenye mfumo: oda isiyo na jina la mteja na namba yake haihesabiwi. Watalalamika wiki za mwanzo. Usiwatishe, ila kamisheni ya mwezi wa kwanza itoke kwenye mfumo huohuo, kamili na siku uliyoahidi, na kila muuzaji aweze kuiona hesabu yake kwenye simu kabla pesa haijaingia.