"Sikujua ni yeye": maswali yenu kuhusu rufaa ya Oscar Pistorius

Tangu mwanariadha huyo wa Afrika Kusini atoke gerezani Januari 2024, wasomaji wengi wameniuliza jinsi kesi yake ya kumuua mpenzi wake ilivyogeuka kwenye rufaa. Najibu manne kati ya maswali hayo.

Alisema ni bahati mbaya. Mbona akahukumiwa kwa mauaji? (Msomaji, Morogoro)

Alfajiri ya 14 Februari 2013, nyumbani kwake Pretoria, Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliokuwa umefungwa. Ndani alikuwamo mpenzi wake Reeva Steenkamp, mwanamitindo wa miaka 29 aliyesomea sheria. Utetezi wake ulikuwa kwamba alidhani ni mwizi. Lakini alipobanwa kwa maswali kizimbani alisema pia kwamba alifyatua bila kufikiri, hakukusudia kumpiga yeyote. Ndugu yangu, hayo ni madai mawili. Anayejilinda anafyatua kwa kutaka, akiamini yuko hatarini. Aliyepatwa na bahati mbaya hakutaka kufyatua kabisa. Majaji wa rufaa walisema maelezo yake yaliyumba kiasi kwamba haikujulikana hasa alifyatua kwa sababu gani.

Jaji wa kwanza alikosea wapi? (Msomaji, Nakuru)

Hapa ndipo penye uzito wa kesi nzima.

Septemba 2014 Jaji Thokozile Masipa, akiwa na washauri wawili wa mahakama, alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Hoja yake: mshtakiwa aliamini Reeva yuko kitandani, kwa hiyo hangeweza kuona mbele kwamba risasi zingemuua.

Tarehe 3 Desemba 2015, majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Rufaa, Bloemfontein, walilitupa hilo kwa kauli moja. Jaji Eric Leach, aliyesoma hukumu, alieleza kwamba swali liliulizwa vibaya. Haikuwa lazima aone kifo cha Reeva. Ilitosha kama aliona kwamba aliyemo chooni, awaye yote, angeweza kufa, na bado akafyatua. Tena mahakama ya chini ilikuwa imeuweka pembeni ushahidi wa mtaalamu wa risasi wa polisi, ambao ulionyesha choo kilivyokuwa kidogo, aliyemo hana pa kukimbilia. Risasi nne mahali pale! Na kujilinda je? Hakumwona mtu, hakushambuliwa, wala hakupiga risasi ya onyo.

Mimi nasimama na majaji hao bila kusita. Mwizi naye ni mtu, na uhai wake haumwagwi kwa kudhaniwa. Sheria zetu hazisemi tofauti: kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 206 cha Kenya vinahesabu kuwa ni dhamira ovu kujua kwamba kitendo chako huenda kikaua mtu, awe ndiye aliyekufa au siye.

Kwa hiyo mahakama ya rufaa ilisema alijua ni Reeva? (Msomaji, Arusha)

Hapana, na wengi wanachanganya hapa. Kwa sheria ya Afrika Kusini, upande wa mashtaka haukuweza kupinga ukweli wa mambo kama jaji wa kwanza alivyouona. Uliruhusiwa kupeleka hoja za kisheria tu, na ni Masipa mwenyewe aliyetoa ruhusa hiyo Desemba 2014. Pistorius alitiwa hatiani kwa mauaji hata baada ya maneno yake ya "sikujua ni yeye" kukubaliwa.

Kuhusu kifungo: miaka 5 kwanza, kisha 6 mwaka 2016 baada ya kosa kubadilika, halafu Novemba 2017 rufaa ya pili ikaipandisha hadi miaka 13 na miezi 5, yaani miaka 15, kima cha chini cha adhabu ya mauaji, ukitoa muda aliokwisha kutumikia. Yuko nje kwa masharti hadi Desemba 2029. Mama wa marehemu, June, alisema wao waliobaki ndio wanaotumikia kifungo cha maisha.

Hakukuwa na dalili mapema? (Msomaji, Mombasa)

Zilikuwapo, dada yangu. Wiki chache kabla ya kuuawa, Reeva alimwandikia Pistorius ujumbe wa simu akimwambia kuwa wakati mwingine anamwogopa, kwa jinsi anavyomfokea. Ulisomwa mahakamani, lakini Masipa hakuupa uzito. Aliona mahusiano hubadilika. Mwezi huohuo wa Januari 2013, bastola ilifyatuka mkononi mwa Pistorius ndani ya mgahawa uliojaa watu Johannesburg, na rafiki aliyekuwa naye mezani alieleza mahakama kwamba aliombwa abebe lawama. Kwa kosa hilo alipewa miaka 3, kifungo kilichoahirishwa. Bastola ile ya mgahawani ilikuwa ya rafiki huyo, si ile iliyomuua Reeva, lakini dalili ya uzembe na silaha ilikuwa wazi.